Mahali Uishiapo Mto Wetu: Safari ya Basi na ya Miguu Katika Vilima vya Mchanga vya Pwani

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi wa Shauri Moyo, Nairobi. Yanatolewa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme habari za matembezi. Najua ya kuwa mtu wa mtaa huu alisikiapo neno hilo yaweza kumjia akilini kwamba ni shughuli ya watu wasio na kazi. Sisi hutembea kila siku. Twatembea alfajiri kwenda viwandani, na jioni twarudi kwa njia ile ile, tukiokoa nauli ili mtoto apate daftari. Basi mtu akituambia twende tukatembee kwa furaha, hatuna budi kumwuliza: furaha ya nini?

Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu. Kwa ufupi, jibu langu ni hili. Mto upitao karibu nasi una mwisho wake, na mahali uishiapo ni pazuri kupita mengi tuliyoyaona. Huko kuna vilima vya mchanga, ndege wa mbali, na mji wa kale wa Waswahili. Mtu aweza kufika huko kwa nauli ya basi na kwa miguu yake mwenyewe, bila motokaa na bila hoteli kubwa. Lakini tena, mtu afikaye huko huona kwa macho yake kazi ya mikono yetu sisi tukaao huku juu. Ndiyo sababu nasema kwamba safari hii ni furaha, na pia ni wajibu.

MTO MMOJA, MAJINA MANNE

Mto wa Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu. Maji yake huanza yakiwa safi. Kisha huingia mjini, hupita Kamukunji na Gikomba, hutupita sisi, na kuendelea kuelekea Kariobangi na Dandora, ukipokea njiani maji ya Mto Mathare na ya Mto Ngong. Sisi sote twaujua kwa sura yake na kwa harufu yake. Ni wachache waliokwisha kujiuliza: baada ya hapo, waenda wapi?

Mbele ya Nairobi mto wetu huungana na Mto Athi. Athi huzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, kisha hugeuka na kushika njia ya kusini-mashariki, ukiambaa na uwanda mrefu wa Yatta, ambao ni mwamba uliomwagika kama uji wa moto zamani za kale. Huingia katika mbuga ya Tsavo Mashariki, na humo hukutana na Mto Tsavo, uletao maji ya Kilimanjaro na ya vilima vya Chyulu. Tangu hapo huitwa Galana. Huporomoka katika maporomoko ya Lugard, hupita nchi kame ambako tembo na nyati huunywa, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Mwisho huingia katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Katika Kenya nzima ni mto wa pili kwa urefu, wa kwanza ukiwa Tana.

Basi Nairobi, Athi, Galana na Sabaki ni maji ya mkondo mmoja. Ni kama mtu aitwaye jina moja na mama yake, jingine shuleni, na jingine kazini. Lakini mtu ni yule yule. Maji aliyoyamwaga mama mmoja wa mtaa huu leo asubuhi, yasipokaushwa na jua wala kunywewa na mnyama, yamekwisha shika njia ya Malindi.

Wazee wetu huenda wasistaajabu. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wakazi wa kijiji cha Pangani walipohamishwa. Husimuliwa kwamba jina la Shauri Moyo lilitokana na siku zile, mtu alipoambiwa aamue mwenyewe moyoni mwake kama atahamia nyumba mpya au la. Nalo jina la Pangani ni jina la mji wa pwani ya Tanzania, na mji ule uko mlangoni mwa mto. Kwa hiyo habari za mto na bahari si ngeni kwetu.

JINSI YA KUFIKA KWA BASI

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 zaidi. Yako mabasi yaendayo moja kwa moja hadi Malindi, na yako yaishiayo Mombasa, ambako msafiri hupata gari jingine bila taabu. Mabasi mengi huondoka jioni na kufika asubuhi. Tangu mwaka 2017 iko pia reli mpya ya kwenda Mombasa, lakini atakaye kuokoa fedha na kuteremka karibu na njia za miguu, basi ndilo litakalomfaa.

Kama waweza, safiri mchana walau mara moja. Basi hupita juu ya Mto Athi kule Mavoko, mahali ambapo bado haujakutana na mto wetu. Baada ya saa nyingi hupita juu ya Mto Tsavo, karibu na lile daraja la reli ambalo mwaka 1898 wajenzi wake walishambuliwa na simba. Kisha, baada ya Mombasa, njia hufuata pwani na kuvuka hori za Mtwapa na Kilifi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, abiria walishuka na kuvuka kwa feri. Leo basi hupita juu, na abiria aliye upande wa dirisha huyaona maji ya rangi ya samawi chini yake.

Mfikapo Malindi, pumzikeni siku ya kwanza. Msianze kutembea juani mara tu mnapotoka ndani ya basi, maana mwili uliozoea ubaridi wa Nairobi hushtuka ukikutana na joto la pwani.

KUTOKA SABAKI HADI MAMBRUI

Njia ninayoisifu kupita zote ni hii. Asubuhi na mapema pandeni gari la abiria liendalo upande wa Mambrui na Garsen, mkashuke baada ya kuvuka daraja la Mto Sabaki. Hapo kijijini tafuteni kijana mwenyeji awaongoze, nanyi mpatane malipo kabla ya kuondoka. Kisha fuateni ukingo wa mto kuelekea baharini.

Jambo la kwanza mtakaloliona ni rangi ya maji, ambayo ni ya udongo mwekundu kama chai ya maziwa. Jambo la pili ni ndege. Mlangoni mwa Sabaki hukusanyika maelfu ya ndege wa maji, na mara nyingine huonekana heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi. Katika miezi ya kusi hufika pia ndege mdogo atokaye kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Naye amekuwa adimu duniani, hata wataalamu wa ndege husafiri kutoka nchi za mbali ili kumwona hapo. Wao hulipa nauli ya ndege ya chuma. Sisi twaweza kumwona kwa nauli ya basi.

Lakini angalieni: katika mto huo wamo viboko na mamba, na kingoni pana tope liwezalo kumshika mtu miguu. Asijaribu mtu kuvuka mlango wa mto kwa miguu, hata kama maji yaonekana machache. Wenyeji huvuka kwa daraja au kwa mtumbwi, nao wana sababu.

Mkifika baharini geukeni kushoto, yaani kaskazini. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni vilima vya mchanga vikifuatana. Mchanga wake si mweupe kama ule wa Watamu. Ni wa rangi ya kahawia, na ndani yake zimo chembe nyeusi na chembe zing'aazo, hata jua likiupiga huonekana kama umenyunyiziwa dhahabu. Chembe hizo hazikutoka baharini. Zililetwa na mto kutoka bara, kutoka katika miamba ya nchi uliyoipita.

Baada ya mwendo wa asubuhi moja mtaona mnara wa msikiti, ndio mji wa Mambrui. Huu ni mji wa kale. Liko hapo kaburi ambalo nguzo yake ilipambwa kwa bakuli za Kichina. Mwaka 2010 wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Kenya na China walipata hapo sarafu ya Mfalme Yongle wa China, ya namna iliyotengenezwa kati ya mwaka 1403 na 1424. Ikumbukwe kwamba mwaka 1415 mfalme huyo huyo alipelekewa twiga kutoka Malindi. Kwa hiyo, miaka zaidi ya 80 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498, watu wa pwani hii walikuwa wamekwisha peleka zawadi mashariki ya mbali.

Mambrui ni mji wa dini na wa heshima. Vaeni mavazi ya kusitiri, wasalimuni wazee wanaoketi barazani, na msimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Mkiisha kunywa maji na kupumzika, gari la kurudi Malindi hupita barabara kuu.

KUYAJUA MAJI KUJAA NA KUPWA

Watu wa bara aghalabu hupata hatari pwani kwa kutoyajua majira ya bahari. Mpwani humwambia mgeni: bahari haishi zinge. Basi wasikilizeni.

Maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa muda upatao siku moja. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika pwani ya Kenya hupita mita 3. Katika siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, nayo hupwa kwenye saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku ipitayo, saa hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti ni ndogo.

Kwa hiyo msafiri atakaye kutembea ufuoni na achague siku za bamvua, aanze asubuhi wakati maji yakitoka, awe amekwisha fika kabla hayajarudi. Mchanga uliolowa na kushikana ni mwepesi kwa miguu. Mchanga mkavu wa juu huchosha, na mtu akilazimishwa na maji kupanda huko saa saba za mchana atajuta.

VILIMA HUJENGWA NA NINI?

Huenda mtu akauliza, vilima hivi vilitoka wapi? Kazi yake ni ya watatu: mto, bahari na upepo. Mto huleta mchanga na kuumwaga mlangoni. Bahari huupokea na kuusambaza ufuoni. Maji yakipwa, mchanga hukauka. Kisha upepo huupeperusha kuelekea bara. Kusi, ambayo huvuma tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba, ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo husukuma maji na mchanga upande wa kaskazini. Ndiyo sababu vilima vikubwa viko upande wa Mambrui.

Lakini mchanga usingesimama peke yake. Iko mimea itambaayo, yenye maua ya zambarau, ambayo hupeleka mizizi yake mbali na kuushika mchanga. Chembe hukusanyika nyuma ya jani, jani hukua juu ya chembe, na hivyo tuta huwa kilima. Mtu anayepita hapo kwa motokaa au pikipiki, akiponda mimea hiyo kwa mchezo wa saa moja, hufungua jeraha ambalo upepo utalipanua kwa miaka.

Wala vilima si pambo tu. Tazameni Shela, katika kisiwa cha Lamu. Basi la Lamu huishia Mokowe, na kutoka hapo msafiri huvuka kwa mashua. Kutoka mji wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, ni mwendo wa miguu wa kilomita 3 hivi hadi Shela, na mbele yake ufuo wa mchanga waendelea kilomita 12 hivi. Nyuma ya ufuo huo viko vilima virefu. Mvua inyeshapo huzama ndani yake, mchanga huichuja, na maji matamu hukaa chini, juu ya yale ya chumvi. Visima vya maji ya mji wa Lamu viko hapo. Akija mtu akajenga juu ya vilima na kuchimba choo, au akachota mchanga kwa malori, ataharibu maji ya kunywa ya mji mzima. Ndiyo maana watu wa Lamu wamepigania vilima vile kwa miaka mingi, wala si kwa sababu ya uzuri wake peke yake.

MIDA NA GEDE

Kwa wenye watoto wadogo, au wazee wasioweza mwendo mrefu, iko njia nyepesi upande wa kusini wa Malindi. Gari la abiria liendalo Mombasa huwashusha Gede, kilomita 16 hivi kutoka Malindi. Hapo pana magofu ya mji wa Waswahili uliostawi kwa karne nyingi ukaachwa katika karne ya 17. Ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, Bwana James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia. Miongoni mwa sababu zinazofikiriwa za kuachwa kwake ni maji ya visima kushuka. Mji wenye misikiti, jumba la mfalme na bakuli za China ulikwisha, na huenda maji yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyoumaliza. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na watu wa miji ya leo.

Karibu na Gede iko hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia bara na kuzungukwa na mikoko, michu na mikandaa. Maji yakipwa, tope lake hujaa kaa na konokono, na ndege watokao Siberia hushuka kula hapo tangu Septemba hadi Aprili. Iko njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba katikati ya mikoko, ambayo mtu huipita akiona bahari chini ya miguu yake. Ada inayolipwa hapo husaidia karo za watoto wa shule za sekondari katika vijiji vilivyo kando ya Mida na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Basi mzazi wa Shauri Moyo alipaye ada hiyo humsaidia mzazi mwenzake.

Mikoko nayo ina kazi. Mizizi yake hupunguza nguvu ya mawimbi, hushika tope, na huwa malezi ya samaki wachanga. Mvuvi akatiwaye mikoko hukatiwa chakula chake.

YALIYOANDIKWA KATIKA TUMBAWE

Sasa nafika katika jambo ambalo ndilo hasa lililonileta mbele yenu.

Nje ya Malindi iko miamba ya matumbawe, na tangu mwaka 1968 sehemu yake imelindwa kama hifadhi ya taifa ya bahari. Tumbawe hukua polepole, tabaka juu ya tabaka, kama mti, na katika kila tabaka huweka alama ya maji ya mwaka ule. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Walilisoma kama kitabu. Waliona kwamba kwa miaka mingi udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa kidogo. Kisha, karne ya 20 ilipoanza, ukaongezeka ghafula, nao haukurudi tena katika hali ya kwanza. Wakati huo ndio nchi za juu zilipoanza kufyekwa kwa mashamba makubwa, na watu na mifugo kubanwa katika ardhi ndogo. Udongo wa Ukambani na wa Kikuyu ulitelemka mtoni, tumbawe likauandika.

Matokeo yake yaonekana Malindi hata leo. Mchanga na tope vimejaa ufuoni hata bahari ikasogea mbali na majengo yaliyokuwa yakitazamana nayo. Wakati wa kaskazi, mvua za vuli zikiwa kubwa huku bara, maji mekundu husukumwa hadi mbele ya mji, na mvuvi hana budi kwenda mbali zaidi kutafuta maji safi.

Wala si udongo peke yake. Wataalamu wengine walipima maji ya mto huu kutoka Nairobi hadi baharini, wakatoa habari zao mwaka 2014. Walionyesha kwamba uchafu wa vyoo na mitaro ya Nairobi ni mzigo mkubwa. Wakati wa kiangazi mto hujitahidi kujisafisha njiani, na sehemu kubwa ya mzigo huo humalizika kabla ya kufika pwani. Wakati wa mvua hauwezi. Maji huenda mbio na kuupeleka mbele. Nasi twakumbuka masika ya mwaka 2024, mito ya Nairobi ilipovunja kingo zake, ikachukua watu na nyumba. Kila kilichochukuliwa siku zile kilikuwa na njia moja tu ya kwenda.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti mwaka 2017, na mwaka 2022 iliundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Hayo ni mema. Lakini tume haiwezi kusimama katika kila mlango wa nyumba. Na mtu hawezi kukihurumia asichokiona. Mtoto aliyekwisha kuona heroe wakila katika tope la Sabaki, akaambiwa kwamba tope lile limetoka kwao, hatatupa tena chupa mtoni kwa moyo mwepesi.

UFUO NI WA NANI?

Liko neno moja zaidi. Wengi wetu hudhani kwamba ufuo wa bahari ni mali ya mahoteli na wageni, na kwamba mtu wa kawaida akionekana hapo ataulizwa anatafuta nini. Yafaa mjue sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga uloweshwao na bahari ni wetu sote, mwenye gari na asiye nalo. Nacho kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, awe anakaa Malindi au Shauri Moyo.

Taabu iko katika njia ya kufika hapo. Ufuo ni wa umma, lakini nyuma yake viko viwanja vya watu, na vichochoro vilivyoachwa kwa ajili ya wapitao vimezibwa mahali pengi. Njia isiyopitwa huota majani, na baada ya majani huota ukuta. Wavuvi wa pwani wamelilalamikia jambo hili kwa muda mrefu, na mara nyingi wamelilalamikia peke yao. Wananchi wa bara wakienda kwa heshima, wakipita njia zile na kuziulizia, watakuwa mashahidi kwamba zilikuwako.

MAAGIZO KWA MSAFIRI

Kabla sijaketi, naomba niwape maagizo machache.

Kwanza, nendeni wengi pamoja, watu 6 au 10; gharama hupungua na usalama huongezeka. Ulizeni habari za njia kwa wenyeji kabla ya kuanza, hasa mnapokusudia kwenda Lamu.

Pili, kila mtu achukue maji ya kunywa yasiyopungua lita 3, kofia, na viatu vyepesi. Hakuna kivuli vilimani.

Tatu, miezi mizuri ni Julai hadi Oktoba, au Januari na Februari. Masika ya Aprili na Mei huharibu njia.

Nne, msiokote kombe wala tumbawe, msipande juu ya mimea ya vilimani, na mkiona nyayo za kasa ufuoni msizifuate kwa kelele, maana mayai yake yako karibu.

Tano, takataka zenu rudini nazo. Itakuwa aibu kusafiri kilomita 600 ili kuongeza ule uchafu ambao mto umekwisha uleta.

Sita, nunueni chakula na matunda kwa akina mama wa vijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wako watakaosema kwamba hawana fedha za safari mwaka huu. Nawaambia hivi: vikundi vya kuweka na kukopeshana tunavyo, na tumevitumia kwa arusi, kwa karo na kwa mazishi. Kikundi kikiweka kidogo kila juma, baada ya mwaka kitaweza kuwapeleka vijana wachache kuwa macho ya wengine. Nao wakirudi, wasimame katika ukumbi huu na kueleza waliyoyaona.

Na asiyeweza kwenda hata hivyo, anayo kazi hapa hapa. Jumamosi yoyote aweza kushika reki na gunia na kusafisha hatua 20 za ukingo wa mto. Kuna mvuvi wa Mambrui ambaye hatamjua kamwe kwa jina, lakini nyavu zake zitakuwa nyepesi kwa takataka na nzito kwa samaki. Hakuna sheria imlazimishayo mtu kumfikiria mvuvi huyo. Ni shauri la moyo.